Kupima mpangilio wa seli: mgawanyo wa pande, Lewis, Aboav-Weaire au Voronoi?

Una picha ya hadubini: ngozi ya jani, utando (tabaka la seli zilizoungana) wa kiinitete, punje za fuwele kwenye metali iliyong'arishwa, au povu la sabuni lililobanwa kati ya vioo viwili. Mipaka umeshaichora na kila seli ina namba yake. Sasa upime nini? Njia zinazotumika sana ni nne, na zote hutoa grafu ya kupendeza hata kwa data ya wastani. Ndiyo maana uchaguzi unahitaji uangalifu. Sehemu kubwa ya mpangilio unaoonekana kwenye grafu hizo hutokana na sharti la kujaza eneo bila kuacha nafasi, na sharti hilo huzibana seli hai, viputo na nyufa za matope kwa namna ileile.

Tuanze na sharti lenyewe, kisha vigezo, kisha njia moja baada ya nyingine.

Kwa nini wastani ni sita

Katika mtandao wa bapa, idadi ya vipeo (mahali mipaka inapokutana) ukitoa kingo (mipaka kati ya kipeo na kipeo) ukajumlisha seli ni 1 daima. Hiyo ni kanuni ya Euler. Kama kila kipeo kinakutanisha kingo tatu, na ndivyo ilivyo katika povu na katika tishu nyingi, mtandao mkubwa huwa na vipeo viwili na kingo tatu kwa kila seli. Kila ukingo unamilikiwa na seli mbili, kwa hiyo seli ina pande sita kwa wastani. Hakuna biolojia wala fizikia iliyoingia hapo.

Wengi huuchukulia wastani wa sita kama uthibitisho kwamba mipaka imechorwa sawasawa. Si uthibitisho. Programu ikiigawa seli moja kwa mstari wa uongo, unapata seli moja ya ziada, vipeo viwili vya ziada na pande sita za ziada: ile iliyogawanywa na nusu yake mpya zinaongeza nne kwa pamoja, na majirani wawili waliokatwa na ncha za mstari wanapata mmoja mmoja. Wastani unabaki palepale. Vivyo hivyo ukifuta mpaka wa kweli. Makosa ya aina hii huonekana kwingine, hasa kwenye ongezeko la seli za pande tatu na nne zenye eneo dogo.

Kitu ambacho wastani unakigundua vizuri ni vipeo vya kingo nne au zaidi. Kama wastani wa kingo zinazokutana kwenye kipeo ni z, wastani wa pande ni 2z ÷ (z − 2). Kwa z = 3 unapata 6; kwa z = 3.1 unapata takriban 5.64; kwa z = 4 unapata 4. Ukiona 5.6 katika tishu uliyodhani ni ya kawaida, kuna mafundo ya seli nne au tano zinazokutana mahali pamoja, au kingo fupi ambazo picha yako haina uwezo wa kuzitenganisha.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tutaipima kwa mambo matano: data inayohitaji (majirani tu, majirani pamoja na eneo, au umbo zima), idadi ya seli inayotosha, namna inavyoharibika mipaka ikikosewa, inavyohimili picha iliyonyooshwa upande mmoja, na kigezo kizito kuliko vyote, kama matokeo yake yanaweza kukuambia "hapana". Kipimo kinachokubaliana na kila mtandao duniani hakikusaidii kutofautisha mtandao wako na mwingine.

1. Mgawanyo wa idadi ya pande

Hapa unahesabu seli zenye pande 4, 5, 6, 7 na kuendelea, kisha unaandika sehemu ya kila kundi: p4, p5, p6, p7. Muhtasari wake ni varianzi ya idadi ya pande, yaani inavyotawanyika kuzunguka wastani, inayoandikwa μ2.

Chukua mfano wa seli 400 za ndani, yaani zisizogusa fremu ya picha: 12 zenye pande nne, 108 zenye tano, 180 zenye sita, 82 zenye saba na 18 zenye nane. Wastani ni 5.965, p6 ni 0.45, na μ2 ni 0.774. Mfano huu tutautumia hadi mwisho.

Data inayohitajika ni orodha ya majirani basi. Eneo halihitajiki, kwa hiyo hata picha isiyo na kipimo cha mikromita inafaa. Kunyooshwa kwa picha hakudhuru: tishu iliyovutwa upande mmoja au picha iliyopigwa kwa mshazari ina majirani walewale.

Kuhusu idadi ya seli, kosa la sampuli la p6 ni kipeuo cha pili cha p6(1 − p6) ÷ N, ambapo N ni idadi ya seli. Kwa mfano wetu ni asilimia 2.5, maana yake thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya asilimia 40 na 50 hivi. Ukitaka kutofautisha tishu yenye p6 ya 0.45 na nyingine ya 0.50, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo, unahitaji karibu seli 1,560 kila upande. Seli hizo zitoke kwa viumbe kadhaa. Seli elfu moja na mia tano za kiinitete kimoja bado ni kiinitete kimoja, na majirani ndani ya picha moja hawako huru kwa wenzao.

Udhaifu mkubwa ni kwenye kingo fupi. Pale ambapo seli nne zinakaribia kukutana, ukingo wa pikseli mbili ndio unaoamua nani ni jirani wa nani. Ukigeuka, seli mbili zinapoteza upande mmoja mmoja na mbili zinaongeza. Fanya hesabu mara tatu: ukikubali kingo za kuanzia pikseli 1, kisha 3, kisha 5. Kama p6 inayumba kwa zaidi ya kosa la sampuli, tatizo ni picha, na hakuna takwimu itakayolitatua. Rudia picha kwa ukuzaji mkubwa zaidi.

Je, inaweza kusema "hapana"? Kiasi. Lemaître na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba katika mitandao mingi ya asili, μ2 × p6² ni karibu 1 ÷ 2π, yaani 0.159, pale p6 inapokuwa kati ya 0.34 na 0.66. Mfano wetu: 0.159 ÷ 0.2025 inatoa 0.785, na tulipima 0.774. Ina maana kwamba ukishajua p6 umeshaijua μ2 kwa karibu, na ripoti inayotoa zote mbili kama ushahidi wa aina mbili inarudia ushahidi mmoja. Taarifa mpya iko kwenye mikia na kwenye mwegemeo: p5 ni kubwa kuliko p7 kwa kiasi gani? Seli za pande nne ni ngapi?

Hapo ndipo mgawanyo wa pande unapotoa matunda katika tishu zinazokua. Matthew Gibson na wenzake, mwaka 2006, waliandika modeli ya mgawanyiko wa seli pekee, bila nguvu wala mvutano: kila seli inayogawanyika huzaa mbili zenye jumla ya pande n + 4, na majirani wawili huongeza upande mmoja mmoja. Mtandao unatulia kwenye takriban asilimia 46 za pembesita, 29 za pembetano na 21 za pembesaba, na utando wa bawa changa la nzi wa matunda unakaribia sana takwimu hizo. Tishu yako ikiwa na p6 ya 0.65, mgawanyiko peke yake hautoshi kuieleza. Seli zitakuwa zimebadilishana majirani na kujipanga baada ya kugawanyika.

Inamfaa: mwenye picha nyingi zenye ubora wa kati, anayelinganisha hatua za ukuaji au aina za vinasaba, na mwenye tishu iliyonyooshwa asiyeweza kurekebisha mnyoosho huo.

2. Kanuni ya Lewis: pande na eneo

Frederic T. Lewis aliipata katika miaka ya 1920 akichunguza ngozi ya tango. Wastani wa eneo la seli zenye pande n hupanda kwa mstari mnyoofu kadiri n inavyoongezeka. Ukigawanya kwa wastani wa eneo la seli zote, mlinganyo ni 1 + λ(n − 6), ambapo λ ni mteremko wa mstari. Kwa tango λ ilikuwa karibu robo: pembetano 0.75, pembesita 1, pembesaba 1.25, pembenane 1.5.

Data: majirani na eneo. Kipimo cha mikromita hakihitajiki, kwa sababu unagawanya kwa wastani wa picha hiyohiyo. Mnyoosho ulio sawa picha nzima haudhuru pia, kwani unazidisha maeneo yote kwa namba moja. Kinachodhuru ni mnyoosho unaobadilika ndani ya picha, mfano utando uliojikunja ambapo seli za pembeni zinaonekana kwa mshazari na kupungua eneo.

Idadi ya seli inabanwa na makundi ya pembeni. Katika seli 400 tuna pembenane 18. Kama maeneo ndani ya kundi hilo yanatofautiana kwa asilimia 40, kosa la wastani wake ni karibu asilimia 9, na pembenne 12 zina kosa la karibu asilimia 12. Hizo ndizo nukta mbili zinazoshika ncha za mstari. Pima mteremko kwa kuipa kila nukta uzito kulingana na idadi ya seli zake, na usiweke kundi lenye seli chini ya kumi. Kuanzia seli 500 za ndani, λ huanza kuaminika.

Kosa la kiufundi linaloharibu Lewis mara nyingi ni unene wa mpaka. Programu nyingi za kugawa picha huacha mstari wa pikseli moja kati ya seli, na mstari huo hauhesabiwi kwenye eneo la yeyote. Seli yenye upana wa pikseli 10 inapoteza sehemu kubwa ya eneo lake. Yenye upana wa 40 haihisi. Seli ndogo zinaonekana ndogo zaidi kuliko zilivyo, na λ inapanda kwa uongo. Tiba ni rahisi: panua kila seli mpaka zigusane, ndipo upime eneo. Pia jitahidi seli ya kawaida iwe na kipenyo cha pikseli 30 au zaidi.

Swali la "hapana" lina jibu zuri zaidi hapa. Nicolas Rivier na A. Lissowski walionyesha mwaka 1982 kwamba mstari wa Lewis unatokea wenyewe ukichukua mtandao wenye entropia (kiasi cha mvurugiko) kubwa kabisa chini ya masharti ya kujaza eneo. Kwa hiyo kuuona mstari hakuthibitishi utaratibu wowote maalumu wa seli. Lakini mstari unaweza kukataa, na ukikataa unasema kitu. Katika tando ambazo maeneo ya seli yanatofautiana mno, grafu hupinda kuelekea (n ÷ 6)²: pembetano 0.69, pembenane 1.78. Sababu ni ya kijiometria. Kama seli zinaelekea kuwa na kingo za urefu uleule, basi seli yenye pande nyingi ni poligoni kubwa zaidi, na eneo la poligoni ya kingo za urefu mmoja hukua takriban kwa mraba wa idadi ya pande. Chora mistari yote miwili kwenye grafu moja, wa Lewis na ule uliopinda, kabla ya kuamua data yako iko wapi. Tofauti kati yake karibu na n = 6 ni ndogo kiasi cha kudanganya; inaonekana kwenye 4, 8 na 9, kulekule ambako seli ni chache.

Kwa punje za metali na povu, jaribu pia mzingo badala ya eneo. Uhusiano huo wa mstari kati ya mzingo na idadi ya pande unaitwa kanuni ya Desch, ya mwaka 1919, na mara nyingi unakaa vizuri zaidi kwenye mitandao ambamo kila ukingo una gharama ya nishati.

Inamfaa: anayeshughulika na ukubwa wa seli, kwa mfano anayeuliza kama seli hugawanyika zikifikia eneo fulani, au kama mutanti (kiumbe chenye jeni iliyobadilika) inavuruga uwiano wa ukubwa na majirani.

3. Kanuni ya Aboav-Weaire: seli na majirani zake

Njia mbili zilizotangulia zinaitazama seli peke yake. Hii inauliza: ukiwa na seli ya pande n, majirani zake wana pande ngapi kwa wastani? Wastani huo huandikwa m(n). David Aboav aliliona jambo hili mwaka 1970 kwenye punje za magnesi oksidi, akapata 5 + 8 ÷ n. Denis Weaire akaeleza mwaka 1974 sehemu ya jumla: ukijumlisha n × m(n) kwa seli zote, wastani ni lazima uwe 36 + μ2, kwa kuwa kila seli ya pande n inahesabiwa mara n na majirani zake. Fomula inayotumika leo ni m(n) = 6 − a + (6a + μ2) ÷ n, na a, namba inayopatikana kutoka kwenye data, huwa karibu na 1.

Kwa mfano wetu, tukiweka a = 1, tunatarajia majirani wa pembenne wawe na pande 6.69, wa pembetano 6.35, wa pembesita 6.13, wa pembesaba 5.97 na wa pembenane 5.85. Seli zenye pande chache huzungukwa na zenye nyingi.

Tazama namba ya pembesita: 6.13, si 6. Huu ni mtego. Hata kama majirani wangechanganywa bila mpangilio wowote, wastani wa majirani ungekuwa 6 + μ2 ÷ 6, ambao hapa ni 6.13 kwa kila n. Seli yenye pande nyingi ni jirani wa wengi, hivyo inajitokeza mara nyingi zaidi kwenye hesabu. Anayelinganisha m(n) na 6 badala ya namba hii atadhani ameona mvuto kati ya seli kumbe ameona hesabu.

Mtego wa pili ni wa grafu yenyewe. Vitabu vinafundisha kuchora n × m(n) dhidi ya n ili upate mstari mnyoofu wenye mteremko 6 − a. Lakini n iko kwenye mihimili yote miwili. Mtandao wowote utakupa mstari wenye R² (kipimo cha nukta zinavyokaa kwenye mstari) ya juu sana, hata ule usio na mpangilio, na R² hiyo haikuambii kitu. Tumia mchoro huo kupata a, kisha chora m(n) yenyewe na tofauti zake na fomula, na upate kiwango cha kosa la a kwa kuchukua sampuli upya za seli pamoja na majirani zao.

Data inayohitajika ni majirani tu, na mnyoosho haudhuru, kama kwenye njia ya kwanza. Gharama iko kwenye fremu. Seli inaingia kwenye hesabu endapo majirani zake wote nao wana idadi kamili ya pande, kwa hiyo unatupa duara la pili la seli kutoka pembezoni. Kwenye picha ya takriban seli 20 kwa 20 zilizokamilika, duara hilo lina seli 76: kati ya 400 unabaki na 324. Picha ndogo nyingi ni hasara kubwa hapa. Picha pana chache ni bora.

Kosa la kingo fupi linaumiza mara mbili, kwa sababu ukingo mmoja ukigeuka unabadilisha pande za seli nne na pia wastani wa majirani wa kila moja.

Kuhusu kusema "hapana": kanuni hii ni imara mno, na uimara huo ndio udhaifu wake kama kipimo. Povu, metali, ngozi za mimea, zote ziko karibu na a = 1. Hata hivyo si sheria kamili. Kwa mchoro wa Voronoi wa nukta za nasibu, Hendrik Hilhorst alithibitisha mwaka 2006 kwamba n ikiwa kubwa sana, m(n) inakaribia 4 + 3√(π ÷ n), ambayo inaelekea 4, wakati fomula ya Aboav-Weaire yenye a = 1 inaelekea 5. Kwenye n za kawaida, 4 hadi 9, tofauti haitaonekana bila maelfu ya seli.

Inamfaa: anayetafuta uhusiano wa seli na seli: aina mbili za seli zinazochanganyika, seli moja inayozuia jirani yake kugawanyika, au povu linalozeeka. Kama una aina mbili za seli, pima m(n) ya kila aina peke yake. Hapo ndipo njia hii inapopata nguvu ambayo wastani wa jumla unaificha.

4. Kulinganisha na mchoro wa Voronoi

Chukua nukta ya katikati ya kila seli. Kila sehemu ya picha ipe nukta iliyo karibu nayo zaidi. Mipaka inayotokea ndiyo mchoro wa Voronoi. Hisao Honda alipendekeza mwaka 1978 kuitumia kama kipimo cha seli: weka mchoro juu ya seli za kweli na upime sehemu ya eneo isiyolingana. Namba ndogo inaonyesha seli zimetulia kana kwamba kila moja inasukuma sawa kutoka katikati yake.

Njia ya pili ni kutumia Voronoi kama mtandao wa kulinganishia. Nukta zikitawanywa kwa nasibu kamili, pembesita ni asilimia 29.5 pekee, pembetano 25.9, pembesaba 19.9, pembenne 10.7, na μ2 ni 1.78. Tishu karibu zote zina mpangilio zaidi ya huo, kwa hiyo kuonyesha kwamba seli zako "si za nasibu" dhidi ya kigezo hiki ni ushindi rahisi usio na thamani. Kigezo kigumu zaidi ni nukta zilizowekewa umbali wa chini kati yao, kwa kuwa viini vya seli haviwezi kupandana. Kingine ni hatua za Lloyd: hamisha kila nukta hadi kitovu cha eneo lake, chora upya, rudia. Kila hatua inasawazisha maeneo na kuongeza pembesita. Unaweza kuuliza tishu yako inafanana na hatua ya ngapi, na jibu ni kipimo kimoja chenye kueleweka cha mpangilio, kinachogusa pande na maeneo kwa pamoja.

Data: umbo zima la kila seli pamoja na nafasi yake. Kwa kipimo cha Honda, seli 100 hadi 200 zinatosha, kwani kila seli inatoa namba yake badala ya kuhesabiwa katika kundi.

Inaharibika kwa mnyoosho. Njia tatu zilizotangulia zinauvumilia. Voronoi haivumilii, maana inategemea umbali, na umbali hubadilika kulingana na upande ulionyooshwa. Kwanza pima mnyoosho wa wastani wa seli, irudishe picha kwenye uwiano sawa, ndipo uchore. Ripoti matokeo kabla na baada ya marekebisho. Seli zenye mawimbi kama zile za ngozi ya majani mengi nazo hazifai, kwa kuwa seli za Voronoi zina kingo zilizonyooka na hazina mbonyeo. Stomata, vitundu vya hewa vya jani, pia ni tatizo: zina seli mbili ndogo ndani ya jirani wakubwa, na mpaka ulio nusu ya umbali kati ya vitovu utaingia ndani ya jirani. Kwa upande mwingine, makosa ya kingo fupi hayaisumbui sana, kwani ukingo wa pikseli mbili hauna eneo la maana.

Kwenye kusema "hapana", hii ndiyo njia yenye uwezo mkubwa zaidi kati ya zote nne, mradi kigezo cha kulinganishia kiwe kigumu vya kutosha.

Inamfaa: mwenye picha safi na seli zenye umbo la poligoni, anayetaka kujua kama nguvu katika utando ziko sawa, na aliye tayari kuandika msimbo kidogo wa kuzalisha mitandao ya kulinganishia.

Yanayozihusu njia zote

Fremu ya picha inapendelea seli ndogo, kwa sababu kubwa hugusa fremu kwa urahisi na kutupwa. Ndiyo maana wastani wa mfano wetu ni 5.965 na si 6. Marekebisho ya Miles-Lantuéjoul huipa kila seli iliyobaki uzito wa W × H ÷ ((W − w)(H − h)), ambapo W na H ni upana na kimo cha picha, w na h ni vya kisanduku kinachoizunguka seli. Kwenye picha ya pikseli 1000 kwa 1000, seli ya 50 kwa 50 inapata uzito 1.108 na ya 25 kwa 25 inapata 1.052. Tofauti ya asilimia 5 hivi ni ndogo kwa p6, lakini kwa mteremko wa Lewis inastahili kufanyiwa kazi.

Amua mapema unahesabu nini kwenye vipeo vya umbo la T, kama kwenye nyufa za matope. Ukihesabu majirani, wastani ni 6; ukihesabu pembe halisi za kila kipande, wastani ni 4, kwa sababu kila kipeo cha T kinatoa pembe mbili tu. Namba zote mbili ni sahihi. Kuzichanganya katika jedwali moja ndiyo kosa.

Katika tando nene, majirani wa juu si lazima wawe majirani wa chini. Chagua kina kimoja na ubaki nacho katika sampuli zote. Na ukikata kitu chenye ujazo (3D), kumbuka kwamba sita ni ya mkato ule wa bapa. Katika ujazo hakuna namba moja iliyolazimishwa: Edwin Matzke alihesabu viputo vya povu mwaka 1946 akapata wastani wa nyuso 13.70, na Voronoi ya nasibu ya 3D ina 15.54.

Uchague ipi?

Picha zako ni nyingi, za ubora wa kati, na unalinganisha makundi: anza na mgawanyo wa pande, ripoti p4 hadi p8 zote, na ujaribu vizingiti vitatu vya kingo fupi.

Tishu imenyooshwa na huwezi kurekebisha: mgawanyo wa pande au Aboav-Weaire. Acha Voronoi.

Unachouliza ni ukubwa wa seli au lini zinagawanyika: Lewis, pamoja na mstari wa (n ÷ 6)² kwenye grafu hiyohiyo, baada ya kupanua seli mpaka zigusane.

Una aina mbili za seli ndani ya tishu moja: Aboav-Weaire kwa kila aina, kwenye picha pana, na ulinganishe na 6 + μ2 ÷ 6.

Una seli chini ya 200 lakini picha ni safi sana: kipimo cha Honda kitakupa zaidi ya vingine. Usijaribu kupata λ wala a kwa idadi hiyo.

Seli zina mawimbi au kuna stomata nyingi: baki kwenye hesabu ya majirani, na uziweke seli za stomata kwenye kundi lao.

Una mfululizo wa picha za povu au punje zinazokua: kabla ya yote manne, jaribu kanuni ya von Neumann ya mwaka 1952, ambayo Mullins aliipeleka kwenye metali mwaka 1956. Kasi ya kubadilika kwa eneo ni k(n − 6), ambapo k ni namba moja kwa viputo vyote. Kiputo cha pande tano kinanywea, cha saba kinakua, na cha sita hakibadiliki, kiwe kikubwa au kidogo. Chora kasi dhidi ya n kwa kila kiputo kati ya picha mbili, ukiwaacha wale waliobadilisha idadi ya pande katikati. Mstari usipopita sifuri kwenye n = 6, kagua kama povu lina maji mengi kwenye vipeo au gesi inavuja nje ya vioo.